Ukiifunga Bastola Kiunoni, Ugomvi Uache Nyumbani

Mhadhara kwa wamiliki wa silaha binafsi, Dodoma

Mbukwenyi!

(Ukumbi unaitika.)

Asanteni. Nimefurahi kuwaona wengi hivi asubuhi ya Jumamosi, na upepo huu wa Dodoma unaomfanya mtu atafune mchanga kabla ya chai. Mliokuja na silaha mmezikabidhi pale mlangoni kwa kijana wangu: magazini, yaani kasha la risasi, imetolewa, chemba imekaguliwa, kila moja na karatasi yake. Nimemwona mzee mmoja kanuna. Mzee wangu, usinune. Mimi mwenyewe ya kwangu iko palepale mezani, ya tatu kutoka kushoto, na nimefundisha kazi hii miaka 22.

Niliombwa nizungumzie namna ya kubeba bastola mbele za watu bila kuleta madhara. Mbele za watu maana yake ni sokoni Sabasaba, stendi ya Nanenane, mgahawani Area C, kwenye foleni ya mafuta. Kupiga shabaha sitafundisha leo. Kwenye kulenga unakaa nusu saa kwa mwezi kama una bidii. Kuibeba ni kwa muda wa saa kumi na mbili kila siku, na ajali nyingi nilizowahi kuitwa nikazitazame zilitokea wakati hakuna aliyekusudia kumpiga mtu.

Sheria nitaigusa tu. Tunafuata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Mnaijua njia mliyopita: serikali ya mtaa, kata, polisi wilaya, kamati ya ulinzi na usalama, na kuendelea. Wakongwe mnakumbuka foleni za uhakiki wa 2016. Ninachotaka mkishike ni hiki: leseni ni yako wewe na silaha ile moja. Shemeji akisafiri na mzigo Singida, humwazimi kama unavyomwazima baiskeli. Na masharti ya leseni yako yasome mstari kwa mstari. Ukiwa na shaka, nenda kamuulize mkuu wa polisi wa wilaya kabla hujatoka, maana ukimuuliza baada, atakuwa amekaa upande wa pili wa meza.

Kuna vijana wanaangalia video za Marekani wananiuliza, mbona kule mtu anaingia dukani na bastola nje nje? Ni kweli, ila kule kila jimbo lina lake. Texas walioruhusiwa kuibeba wazi, ndani ya holsta, yaani ala ya bastola, tangu tarehe 1 Januari 2016 walikuwa wenye leseni. Tangu Septemba 2021 hata asiye na leseni anaweza, akiwa ametimiza masharti mengine. Lakini hukohuko Texas mwenye duka anaweza kubandika tangazo mlangoni kwamba bastola ya wazi haiingii humu, na ukipuuza umevunja sheria. Sasa njoo Afrika Kusini, karibu na kwetu: sheria yao ya mwaka 2000 inasema bastola hadharani iwe ndani ya holsta au mfuko ulioshikamana nawe, iwe imefunikwa kabisa, na uwe na uwezo wa kuidhibiti. Nchi mbili zenye bunduki tele, na zimeamua vitu viwili tofauti. Kwa hiyo anayekwambia “duniani ndivyo inavyofanyika” hajatembea duniani.

Mimi ushauri wangu kwenu, kama mmiliki mwenzenu: ifunike. Lakini shati hupanda. Unainama kufunga kamba ya kiatu, upepo unakuja, kila mtu ameona. Kwa hiyo aliyeficha na asiyeficha wote jifunzeni kubeba kama vile inaonekana.

Tuanze na holsta, maana hapo ndipo watu wanapofanya ubahili. Mtu ananunua bastola kwa mamilioni, halafu anaichomeka kwenye mkanda wa suruali kama panga. Mwaka 2008, mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani, Plaxico Burress, aliingia klabu ya usiku New York na bastola kiunoni, hana holsta, kavaa suruali laini ya mazoezi. Ikateleza kuelekea mguuni. Akaidaka. Ikalia, akajipiga paja mwenyewe, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miaka miwili, kwa sababu hakuwa na kibali cha kuibeba pale. Tazameni alipokosea: kuidaka. Bastola nyingi za kisasa zimetengenezwa zisilie zikianguka chini. Kinachoiliza ni kidole kinachokimbilia kuiokota hewani na kukutana na triga, kile kifyatulio. Ikianguka, iache ianguke. Nasema tena kwa wale mnaoandika: iache ianguke, ndipo uinamie kwa utulivu.

Holsta nzuri inafunika triga yote, haijikunji ukiitoa bastola, na inashika hata ukiruka mtaro. Ya kitambaa cha kunyumbuka, ile ya soko, iache hukohuko sokoni. Kama inaonekana nje, iwe na kizuizi cha kufungua kwa kidole gumba, kwa sababu mkono wa mtu mwingine unaweza kuifikia. Na mkanda uwe mkanda kweli. Bastola ndogo ya milimita 9 iliyojaa risasi 15 inakaribia gramu 850. Mkanda wa kuendea harusini utalegea kabla ya saa sita mchana, na wewe utaanza kupandisha suruali kila dakika, na kila ukipandisha unaigusa. Mwizi aliyesimama pembeni anachohitaji ni hicho tu: kuona unachokigusagusa.

Wapi kiunoni? Upande wa mkono unaotumia, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, ili kiwiko chako kikishuka kiifunike. Wapo wanaoipenda katikati ya mgongo. Bodaboda ikikuangusha chali pale njia ya Chang'ombe, utakuwa umelalia kipande cha chuma kwenye uti wa mgongo. Sitaki kusema zaidi, wengine bado hamjanywa chai.

Sasa kuirudisha. Kuitoa kila mtu anakufanyia mbwembwe; kuirudisha ndiko kunakoumiza. Bastola za Glock na jamii yake hazina kitasa cha sefti, yaani kizuizi cha kufyatua, pembeni. Sefti iko kwenye triga yenyewe, kile kibapa kidogo katikati, na triga inahitaji nguvu ya kilo mbili na nusu hivi. Pindo la shati likiingia ndani ya holsta pamoja na bastola, wewe ukasukuma kwa nguvu, pindo ndilo linalokuwa kidole. Kamba ya jaketi ni mbaya zaidi, na Dodoma mwezi wa sita na wa saba wote tumevaa majaketi. Kwa hiyo: vuta nguo kwa mkono wa pili, tazama kwa macho yako, rudisha taratibu. Hakuna aliyewahi kupewa zawadi kwa kurudisha bastola haraka.

Vumbi, kwa kifupi. Ninyi wa Bahi, Kongwa na Manyoni mnapenda mafuta. Mafuta mengi na vumbi letu ni tope. Pangusa, paka tone, pangusa tena. Basi.

Zipo kanuni nne maarufu alizozieneza Jeff Cooper, askari wa zamani wa kikosi cha Marine cha Marekani aliyefungua shule ya bastola Arizona mwaka 1976. Ichukulie kila silaha kuwa ina risasi. Usielekeze mtutu kwa kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole kisifike kwenye triga mpaka umekwisha kulenga. Jua unachokipiga na kilicho nyuma yake. Hii ya nne watu huimba bila kuielewa, basi niifafanue. Risasi ya milimita 9 ina uzito wa gramu 8 hivi na inatoka kwa kasi ya mita 350 hivi kwa sekunde. Isipokuta kitu, inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Simama Nyerere Square, chora duara la kilomita moja na nusu, hesabu walioko ndani: wauza vitabu, watoto wa shule, mama lishe, walioko ofisini. Wale wote wako “nyuma yake”. Anayefyatua hewani kwenye sherehe ajue ile risasi itatua mahali, na mahali hapo pana bati, na chini ya bati amelala mtu.

Na kuonyeshana mezani! Januari 2013, Oscar Pistorius, yule mkimbiaji, alikuwa mgahawani Johannesburg na rafiki zake. Bastola ya mwenzake ikapitishwa chini ya meza, ikalia akiwa ameishika yeye. Haikuua mtu siku ile, ni bahati tu. Mwaka uliofuata mahakama ilimtia hatiani kwa kosa hilo pia. Wote pale mezani walikuwa watu wazima. Mwenzako akikwambia “hebu niione”, jibu ni “njoo uwanja wa shabaha”. Akikuona mjivuni, na akuone.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta.

Nikiwa kijana, kabla sijawa mwalimu wa mtu, nilifanya biashara ya mahindi Kibaigwa. Bastola nilikuwa nayo kihalali, fedha taslimu zilikuwa nyingi. Siku moja nikabishana na mkulima na vijana wawili wapakizi juu ya lumbesa. Mimi nataka gunia lile lililovimba, yeye anataka lipimwe. Alikuwa na haki, niseme leo. Jua kali, sauti zimepanda, na mimi nikafanya hivi. (Anainua pindo la koti kidogo, kisha analiachia.) Sikuitoa. Sikuigusa. Nilijipunga tu, kama mtu anayesikia joto.

Wale vijana wakanyamaza. Yule mkulima, mzee wa umri wa baba yangu, akasema, “Haya mwanangu, chukua.” Na bibi aliyekuwa anatuuzia chai pale akamshika mjukuu wake mkono akamwingiza ndani, chai yangu ikabaki kwenye jiko.

Nilichukua mahindi kwa bei yangu. Nilifika nusu ya njia ya kurudi ndipo nikaelewa kwamba nilikuwa nimepora. Kama wale vijana wangenitolea panga nikatoa fedha, sote tungejua jina lake. Mimi nilipunga koti, na nikaandikiwa risiti.

Mtu asiye na silaha anaweza kugombana. Anaweza kutukanwa akatukana, akasukumwa akasukuma, wakaja wazee wakaamua, jioni wakakaa pamoja. Mwenye bastola inayoonekana hana ruhusa hiyo. Ukinyanyua sauti, mwenzako hasikii maneno yako tena, anaisikia bastola. Hata ukiwa na haki, haki yako haitajulikana. Na akishikwa na hofu akakurukia, mnagombania silaha uliyoileta wewe. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 18 na vinavyokifuata, inatambua kujitetea, kwa nguvu inayostahili hali yenyewe. Nenda kamweleze hakimu kwamba ugomvi wa maegesho uliuanza wewe, ukauendeleza wewe, ukaumaliza kwa risasi, halafu ulikuwa unajitetea.

Kwa hiyo bodaboda akikukwaruza, wewe ndiye wa kusema pole. Mlevi akikutukania mama, wewe ndiye wa kulipa bili na kuondoka. Na ulikuwa na maji mezani, si bia, kwa sababu bia na bastola havitoki nyumba moja siku moja. Ukiona maisha hayo ni ya kinyonge, iache kwenye kasiki, uende mikono mitupu, ugombane unavyotaka.

Maswali.

(Kimya kidogo. Kisha mzee wa mstari wa mbele anauliza: “Na msalani?”)

(Kicheko.)

Msicheke, hilo ndilo swali la maana kuliko yote. Choo chetu kina tundu, na tundu halirudishi. Usiitundike kwenye msumari, usiiweke dirishani. Utatoka na simu, bastola ibaki. Iache ndani ya holsta, holsta kwenye mkanda, mkanda umefungwa tena juu ya magoti ili usifunguke. Na vizuri zaidi, jisaidie nyumbani kabla hujatoka.

(Mama mmoja anauliza: trafiki akinisimamisha, nimwambieje?)

Swali zuri, dada. Zima gari, shusha kioo, mikono miwili juu ya usukani aione. Usianze kutafuta leseni, maana leseni na bastola viko upande mmoja na yeye hajui unafuata kipi. Mwambie kwa sauti ya kawaida: “Afande, ninayo silaha yenye leseni, iko kiunoni kulia. Nifanyeje?” Kisha fanya analosema, polepole, ukitaja kila hatua kabla ya kuifanya. Usitamke neno “bastola” peke yake kwanza, ukanyamaza.

Hebu tufanye kwa vitendo. Dada, wewe ndiye afande, simama hapa. Mzee wangu uliyenuna, njoo ukae kwenye kiti hiki, ndilo gari lako. Chukua hii ya plastiki, uifunge. Hapana, vuta shati kwanza. Tazama. Ndiyo, hivyo. Haya afande, msimamishe.