Kuuza laptopu iliyotumika kwa mnada wa mtandaoni: kutoka ukaguzi hadi pesa kuingia

Hamjambo watazamaji. Laptopu iliyo mezani leo ni HP EliteBook 840 G5, na tutaifuata kutoka hapa hadi mikononi mwa mshindi wa mnada. Kama yako ni Dell au Lenovo, hatua ni zile zile. Vitufe vichache tu ndivyo vitabadilika.

Tunaanza na betri. Mnunuzi wa Kisumu, Nakuru au Kakamega huulizia betri kabla ya RAM, kwa sababu stima ikipotea saa mbili usiku ataitegemea hiyo. Kumwambia "inakaa vizuri" hakumsaidii. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, piga Enter. Kwenye dirisha jeusi andika powercfg /batteryreport, piga Enter tena. Ripoti itahifadhiwa kwenye folda yenye jina lako ndani ya Users. Ukifungua dirisha hilo kama Administrator, ripoti inaenda System32, na watu huitafuta wasiione. Basi soma mahali palipoandikwa chini ya amri yako.

Fungua ripoti, tafuta mistari miwili. DESIGN CAPACITY ni uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, FULL CHARGE CAPACITY ni uwezo wake wa leo. Tuseme wa kwanza ni 50,000 na wa pili ni 32,500: betri imebaki na asilimia 65. Piga picha. Halafu ijaze, chomoa chaja, punguza mwanga wa skrini hadi nusu, cheza video, na uandike saa ya kuanza na saa iliyozimika. Mtu akiona namba hizo hana haja ya kukisia, na anayekisia hukata bei.

Ingia Settings, System, kisha About. Hapa tunasoma i5-8250U. Hiyo 8 iliyo baada ya kistari inaonyesha kizazi cha prosesa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa Intel, Windows 11 kwa kawaida inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Kama yako ni i5-7200U, hicho ni kizazi cha 7. Liseme waziwazi kwenye tangazo. Bei itashuka kidogo, lakini mnunuzi hatakurudia wiki ijayo akidai umemdanganya.

Picha: pangusa skrini kwa kitambaa laini kikavu, sogeza meza karibu na dirisha, zima flashi. Piga kifuniko, kibodi, pande zote mbili zenye matundu, chini, skrini ikiwa nyeupe tupu ili madoa yaonekane, ukurasa wa About, na ripoti ya betri. Chaja nayo ipigwe upande wenye maandishi. Hii ni ya wati 65, kichwa chembamba cha bluu. Mkwaruzo, kona iliyobonyea, kitufe kinachokwama: kila kasoro na picha yake ya karibu. Namba ya utambulisho wa mashine, ile serial, ifunike kwa kidole au karatasi, maana mtu asiye mwaminifu anaweza kuichukua na kudai laptopu ni yake.

Sasa bei. Pita madukani Oginga Odinga Street ukiwa Kisumu, au Kenyatta Avenue ukiwa Nakuru, uulize mashine kama yako inauzwaje. Duka linatoa garantii, wewe hutoi, kwa hiyo kaa chini ya bei yao. Kama tovuti ya mnada inaruhusu bei ya siri ambayo chini yake huuzi, weka hiyo, na uanze chini ili watu wavutike. Mfano: huuzi chini ya 18,000, unaanza 12,000, kila dau linapanda kwa 500. Kwenye kundi la Facebook au WhatsApp hakuna bei ya siri. Hapo bei ya kuanzia iwe ile ambayo ukiuza hutalala ukijuta, kwa sababu wakijitokeza watu wawili tu, mnada utaishia karibu na pale ulipoanza.

Masharti yaandike juu kabisa: dau linawekwa kwenye maoni pekee, halikubaliki kwa ujumbe wa siri, mnada unafungwa Jumapili saa tatu usiku, dau likiingia dakika 5 za mwisho, muda unaongezwa dakika 5. Sharti hilo la mwisho linamzuia mtu anayevizia sekunde ya mwisho, na wewe ndiye unayefaidika. Siku 5 hadi 7 zinatosha, na ni bora ufunge mwisho wa mwezi, mishahara ikiwa imeingia. Usimpange rafiki apandishe bei. Ni udanganyifu, na mara nyingi rafiki huyo ndiye hubaki na dau la juu, wanunuzi wa kweli wameshaondoka. Mshindi asipojibu kwa saa 24, mwendee wa pili kwa dau lake mwenyewe.

Mshindi amepatikana. Jioni kabla ya kukutana, hamisha mafaili yako, uhakikishe yanafunguka kule ulikoyapeleka, ndipo ufute. Settings, System, Recovery, Reset PC. Chagua Remove everything, kisha Local reinstall. Usipite haraka hapa: gusa Change settings, washa Clean data. Bila hiyo, programu ya kurejesha mafaili inaweza kuvuta picha na hati zako. Kama laptopu ilitumika kwenye duka la dawa, shule au sacco, ina taarifa za watu wengine, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu. Betri iwe imejaa na chaja imechomekwa, kwa sababu stima ikikatika katikati na betri ni mbovu, Windows inaweza kuharibika. Diski ya kuzunguka huchukua saa nyingi. Acha usiku kucha. Nywila ya BIOS, ile programu inayoamsha mashine kabla ya Windows, haifutiki kwa njia hii, iondoe mwenyewe kwa F10 kwenye HP, F2 kwenye Dell. Mwenye MacBook atoke kwanza iCloud, la sivyo mnunuzi atafungiwa nje.

Ikifika skrini ya kuchagua nchi, simama, zima. Mnunuzi akitaka kujaribu kibodi, bonyeza Shift na F10 pamoja kwenye skrini hiyo. Dirisha jeusi litafunguka na atapiga kila herufi.

Mkutane mchana, ndani ya mall au benki. Ujumbe wa M-Pesa ulioonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi si malipo. Ujumbe wako utoke kwa MPESA, si kwa namba ya mtu, na hata hivyo piga *334# uangalie salio kabla ya kuachilia laptopu. Kama una deni la Fuliza, litakatwa pesa zikiingia, na salio litaonekana pungufu. Lilipe mapema msije mkabishana. Akisema ametuma zaidi kimakosa na kutaka urudishe kwa namba nyingine, usirudishe. Aombe Safaricom iyarudishe malipo kwa utaratibu wake.

Andikeni makubaliano nakala mbili: majina, namba za kitambulisho, serial kamili, bei, tarehe, sahihi. Risiti ya kwanza ya dukani ukiwa nayo, mpe. Inamkinga mnunuzi akiulizwa kama mali ni ya wizi.

Mnunuzi akiwa mbali, pesa ziingie kwanza, kisha utume kwa ofisi ya vifurushi ya basi. Izime kabisa, isiwe imelala tu, kwa sababu inaweza kujiwasha na kupata joto ndani ya boksi. Izungushie nailoni ya mapovu mara tatu. Chaja ifungwe peke yake na ikae pembeni. Ikilala juu ya kifuniko itavunja skrini njiani. Rekodi video ukifunga boksi, serial ikionekana, na umwombe naye arekodi akifungua. Akishathibitisha imefika, ingia akaunti yako ya Microsoft uiondoe laptopu hiyo kwenye orodha ya vifaa vyako.