Ficheni Vitufe, Msifiche Maamuzi

Wenzangu, asanteni kwa kuja. Naomba tuanze na seli moja tu ya lahajedwali. Chukua Excel ambayo mipangilio yake haijaguswa, andika SEPT2, lililokuwa jina la jeni ya binadamu, kisha bonyeza Enter. Jina linatoweka, na mahali pake inakaa tarehe: 2 Septemba. Programu haionyi wala haiulizi. Mwaka 2016 watafiti walipekua viambatisho vya makala za jenomiki, yaani utafiti wa jeni zote za kiumbe, wakakuta takriban makala moja kati ya kila tano zenye orodha za jeni katika Excel ina majina yaliyoharibika namna hii. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikayabadilisha majina yenyewe. SEPT2 ikawa SEPTIN2. Chaguo la kuzima ugeuzaji huo lilikuja mwaka 2023.

Nimeanza hapo kwa sababu wengi wetu tunaounda programu za sayansi tuna hofu moja tu, wingi wa vitufe; uamuzi uliofichwa kama huu wa Excel hatuuogopi. Hofu hiyo ina msingi. Nimewahi kukaa kando ya mwanafunzi aliyekuwa akifungua programu ya uchambuzi kwa mara ya kwanza. Dirisha lilimpa visanduku zaidi ya thelathini, vingine bila hata vipimo. Kimoja kiliandikwa "kizingiti", kizingiti cha nini hakikusema. Alishuka mpaka chini ya ukurasa, akarudi juu, akabonyeza "Endesha" bila kugusa kitu. Visanduku vyote vile havikumpa uhuru wowote. Aliyeamua ni yule aliyejaza thamani za mwanzo, yaani sisi.

Hapa naomba tukae kidogo. Thamani ya chaguo-msingi, yaani ile inayotumika usipobadilisha kitu, ni uamuzi wa kisayansi. Katika R, lugha ya programu ya takwimu, ukiita t.test kulinganisha wastani wa makundi mawili bila kuongeza neno, unapata jaribio la Welch, ambalo halidai kwamba makundi hayo yana variansi, yaani mtawanyiko wa data, iliyo sawa. Ni uamuzi mzuri, na jina la Welch linachapishwa juu kabisa ya matokeo, kwa hiyo hata asiyelijua ataliona na kuuliza. Linganisha na LogisticRegression ya scikit-learn, maktaba ya Python ya kufunza mashine kutabiri: usipoiambia kitu, inabana koefisienti, yaani namba za uzito wa kila sababu, kwa adhabu iitwayo L2 inayozizuia zisiwe kubwa mno. Kwa utabiri, sawa. Ila mtafiti anayetaka kueleza uzito wa kila sababu anaweza kuzinakili namba zile kwenye makala yake bila kujua kwamba zimevutwa kuelekea sifuri. Namba zenyewe hazimwambii.

Ukurasa wa BLAST, chombo cha kutafuta mifuatano ya DNA au protini inayofanana, umeweza kuficha vitufe bila kuficha maamuzi. Kuna kisanduku cha kubandika mfuatano, hifadhidata na kitufe; vigezo vya algorithimu vimekunjwa chini, anayevihitaji avikunjue. Utafutaji ukiisha, muhtasari unaorodhesha vigezo vilivyotumika, hata vile ambavyo hukuvigusa.

Lakini daraja la kumvusha mgeni kuelekea utaalamu ninalolipenda kuliko yote ni kinasa amri cha ImageJ, programu ya kuchambua picha za kisayansi. Unakifungua, unaendelea kubonyeza menyu kama kawaida. Ukilainisha picha kwa kichujio cha Gauss, mstari wa amri unajiandika dirishani ukiwa na sigma=2, yaani kiasi cha ulainishaji, ndani yake. Aliyekuja kuhesabu seli kwenye picha moja anaushika mstari ule, anabadilisha 2 kuwa 3, kisha anauendesha juu ya picha mia mbili. Hajavuka mlango wowote ulioandikwa "hali ya wataalamu". (Jina hilo silipendi hata kidogo. Mtaalamu wa seli ni mtaalamu, hata kama leo ndiyo siku yake ya kwanza na programu yako.) Na akiuhifadhi mstari huo pamoja na data yake, mhakiki atakapouliza picha zililainishwa kwa kiasi gani, jibu litakuwa limeshaandikwa.