Kanisa la Kumbukumbu la Mombasa na Watu wa Msafara

Wazee wangu, kina mama, na nyinyi vijana mnaosomea kazi ya kutembeza wageni, asanteni kwa kuitika.

Sote tumepita Nkrumah Road tukielekea Fort Jesus na kuliona lile jengo jeupe lenye kuba. Mgeni huuliza kama ni msikiti. Ni Kanisa Kuu la Kianglikana, lililojengwa kati ya 1903 na 1905, na mchoraji wake ni John Sinclair, ofisa wa serikali ya Uingereza ambaye baadaye alichora pia Beit el Amani, jumba la makumbusho la Unguja, lililofunguliwa 1925.

Tumezoea kuwaambia wageni kwamba kanisa hili limejengwa kwa mtindo wa Kiswahili. Mimi sikubaliani. Ingieni Mji wa Kale mkautazame Msikiti wa Mandhry, ambao asili yake ni 1570: mnara wake ni mnene chini, unachongoka kwenda juu, na hauna kuba kama ile. Misikiti yetu mingi ya kale ilikuwa na paa bapa lililobebwa na nguzo na boriti. Sinclair alijenga Mashariki kama Mwingereza wa wakati ule alivyoiwazia. Hata hivyo namheshimu, kwa sababu alikataa kutuletea kanisa la kijiji cha Kiingereza. Alitazama mji uliolizunguka kanisa, akatafuta sura ya kukaa nao.

Sasa, kwa nini likaitwa la kumbukumbu? Anayekumbukwa hasa ni James Hannington, askofu wa kwanza wa dayosisi iliyoitwa Afrika ya Mashariki ya Ikweta. Julai 1885 aliondoka Rabai, kituo cha misheni karibu na Mombasa, kwa miguu, akaikata nchi ya Wamaasai kuelekea Buganda, katika Uganda ya leo. Hakujua, au hakujali, kwamba Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, na watu wake waliogopa mgeni anayeingia kutoka mashariki. Wakati huo Wajerumani walikuwa wameanza kunyakua ardhi ya pwani, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Hannington alikamatwa Busoga, mashariki ya Buganda, akauawa tarehe 29 Oktoba 1885. Mifupa yake ilizikwa Namirembe, Kampala, mwaka 1892. Mrithi wake, Askofu Henry Parker, alikufa kwa homa kusini mwa Ziwa Viktoria mwaka 1888. Kwa hiyo wanaokumbukwa Mombasa wamelala mbali na Mombasa.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Hannington hakufa peke yake. Aliingia Busoga na watu 50 hivi, na karibu wote walichomwa mikuki pamoja naye. Walikuwa wapagazi kutoka huku kwetu. Jina la askofu linatajwa kila mahali, lakini majina yao ni nani anayeyataja?

Waliobaki nyuma, Mumias, magharibi mwa Kenya, waliachwa chini ya William Jones. Huyu alikuwa Mwafrika aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akaokolewa na kusomeshwa India, na Hannington alikuwa amempa ushemasi mwaka huohuo wa 1885. Habari za mauaji zilipomfikia, Jones aliurudisha msafara kwa miguu hadi pwani. Februari 1886 watu wa Rabai waliona foleni ya wanaume waliochoka, nguo zimechakaa, na mbele yao bendera ya buluu iliyoshonwa herufi nyeupe: ICHABOD. Ni jina la kwenye Samweli wa Kwanza, la mtoto aliyezaliwa siku ya msiba, utukufu ulipoondoka Israeli. Wanawake walikuwa wakitafuta nyuso za waume zao katika foleni ile.

Jones aliendelea na kazi Rabai, mahali ambapo watumwa watoro walikuwa wakikimbilia. Tarehe 1 Januari 1889 watoro wengi walipewa hati za uhuru palepale.

Kwa hiyo mkimpeleka mgeni kwenye kanisa la Nkrumah Road, msiishie kwenye kuba. Mvusheni daraja la Nyali hadi Kengeleni, akaione kengele ya Frere Town, makazi ya walioachwa huru yaliyoanzishwa 1875. Kisha mpandisheni Rabai, kwenye makumbusho ya Krapf, yule mmisionari Mjerumani. Na nyinyi ambao babu zenu walikuwa watu wa Frere Town au Rabai, kaeni na wazee wenu muandike majina wanayoyakumbuka, hata kama ni jina moja tu. Mkiyapata, nileteeni niyaingize katika maelezo ninayowaandalia watembezaji.