Lipidi za Kapilari za Ubongo: Zinazuia Nini, na Zinapimwaje

Wengi wetu tukitaja kizuizi kati ya damu na ubongo, tunafikiria viungio vinavyobana seli moja na jirani yake. Hiyo ni nusu ya habari. Kitu kinaweza kupita katikati ya seli yenyewe: utando unabonyea, unageuka kijifuko, na kijifuko kinavusha mzigo hadi ng'ambo. Kwenye kapilari (mishipa midogo kabisa ya damu) za mapafu vijifuko hivyo, yaani kaveola, vimejaa tele. Kwenye kapilari za ubongo ni adimu mno, na sababu yake ni mafuta ya utando, yaani lipidi.

Seli za endothelia za ubongo, zile zinazounda ukuta wa kapilari, zina protini ya usafirishaji iitwayo Mfsd2a. Hiyo huvuta kutoka damuni DHA, omega-3 yenye kaboni 22 na vifungo maradufu 6, lakini ikiwa tu imeshikamana na lisofosfatidilikolini, lipidi inayoibeba. Kaveola huhitaji utando uliopangika vizuri; DHA huuvuruga mpangilio huo. Mwaka 2014, maabara ya Chenghua Gu huko Harvard ilionyesha kwamba panya waliokosa Mfsd2a wana kizuizi kinachovuja, ilhali viungio vyao ni vizima. Mwaka 2017 maabara hiyohiyo ilikuta fosfolipidi (lipidi kuu za utando) zenye DHA ni nyingi zaidi kwenye kapilari za ubongo kuliko za mapafu. Uundaji wa kaveola ulipozuiwa katika panya waliokosa Mfsd2a, uvujaji ulikoma. Kwangu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote.

Sasa upimaji, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Gamba la ubongo lisagwe taratibu juu ya barafu, lichanganywe na dekstrani (sukari ya molekuli kubwa inayoufanya mchanganyiko uwe mzito), lizungushwe kwenye sentrifuji. Mayelini, ala ya mafuta inayofunika nyuzi za neva, itaelea; kapilari zitazama. Chukua zilizozama, uzichuje kwa wavu wa mikromita 40. Kapilari hubaki juu ya wavu, zioshe. Mayelini imejaa lipidi, kwa hiyo mabaki kidogo tu yatakupa matokeo ya mayelini ukidhani ni ya mishipa. Galaktoserebrosidi, lipidi ya mayelini, ikionekana kwa wingi, rudia kusafisha.

Lipidi zitolewe kwa kloroformu na methanoli, 2 kwa 1, mara 20 ya ujazo wa sampuli. DHA huharibiwa upesi na oksijeni: weka BHT (kizuia oksidisho), funika kwa naitrojeni, hifadhi kwenye nyuzi -80. Tena msitegemee seli zilizokuzwa kwenye kisahani. Zikishatoka ubongoni hupoteza sifa nyingi za kizuizi, Mfsd2a ikiwemo.