Kurudisha Kabla ya Kuongeza: Toyota Starlet Chini ya Mwembe

(Mhadhara uliotolewa mjini Iringa mbele ya wamiliki wa magari madogo na wanafunzi wa ufundi)

Bwana Mwenyekiti, mabibi na mabwana, nanyi vijana wa ufundi mliokaa huko nyuma karibu na mlango,

Niliombwa nizungumzie matunzo na marekebisho ya gari dogo la zamani yanayofanywa na mwenye gari mwenyewe, nyumbani kwake. Nimeamua kujifunga na gari moja tu, Toyota Starlet, kwa sababu ndilo ninalolijua kwa mikono yangu. Mimi si fundi wa gereji. Nilifundisha fizikia sekondari mpaka nilipostaafu, na Starlet yangu nimekuwa nikiilalia chini, chini ya mwembe ulio uani kwangu, kwa miaka mingi kuliko ambavyo familia yangu ingependa.

Kwanza tulitambue gari lenyewe. Jina la Starlet lilianza mwaka 1973. Mwaka 1984 gari hili lilisanifiwa upya, likaacha kusukumwa na magurudumu ya nyuma na kuanza kuvutwa na ya mbele. Yanayoonekana zaidi katika barabara zetu ni ya matoleo mawili ya mwisho, ambayo mafundi huyaita kwa namba zake za bodi: EP82, lililoanza mwishoni mwa 1989, na EP91, lililoanza 1996 na kukoma 1999 Vitz ilipochukua nafasi yake. Maana yake ni kwamba Starlet iliyo changa kuliko zote imeshapita robo karne. Wenzetu wa Kenya, ambao sheria yao hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, hawana tena mlango wa kupata nyingine kutoka Japani, na aliyenayo ni lazima aitunze hiyo hiyo kwa spea za Barabara ya Kirinyaga, kama sisi tunavyotegemea Gerezani na Kariakoo.

Injini iliyoenea zaidi ndani ya magari hayo ni 4E-FE, yenye silinda 4, vali 16 na ujazo wa sentimita za ujazo 1,331. Haina kabureta. Petroli hupulizwa na nozeli zinazoamrishwa na kompyuta, na kompyuta hiyo huamua kiasi cha petroli kwa kusoma sensa chache, yaani vipimo vidogo vya umeme vya joto, shinikizo na mengineyo, zilizotawanyika kwenye injini. Naomba jambo hili la sensa mlikumbuke, maana mazungumzo yangu yote yanalizunguka.

Rai yangu ni hii: gari la umri huu lisiongezewe kitu chochote, iwe ni rimu, springi, eksozi au taa, kabla halijarudishwa katika hali aliyoikusudia mhandisi wake, kwa kuwa anayeongeza kabla ya kurudisha huwa anarekebisha hitilafu asiyoijua, na mwisho wake hawezi tena kutenganisha lililotoka kiwandani, lililoharibika kwa uzee, na lililoletwa na yeye mwenyewe.

Niliponunua gari langu, aliyeniuzia aliniambia kwa fahari kabisa, "Thamostati tulishaing'oa mzee wangu, hili halitachemsha kamwe." Nadhani nusu ya waliomo ukumbini wamewahi kuambiwa maneno hayo. Hoja yake inaingia akilini kwa haraka: thamostati, ile vali inayoyazuia maji ya injini mpaka yapate joto, ni kizuizi, ukiondoa kizuizi maji yatapita kwa wingi, na maji yakipita kwa wingi injini itapoa. Nilikubali. Kwa takriban mwaka mzima nikawa naendesha gari ambalo mshale wake wa joto haukupanda hata robo, lililotoa moshi mweusi kila asubuhi, na lililokunywa petroli kama gari lenye injini kubwa mara mbili yake.

Kilichokuwa kikitendeka ni hiki. Injini ikiwa ya baridi, petroli haigeuki mvuke vizuri, kwa hiyo kompyuta huongeza kiasi chake mpaka maji yapate joto. Thamostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kabla ya hapo huyazuia maji yasiende kwenye rejeta ili injini ifikie haraka joto lake la kazi. Ukiing'oa, hasa katika mji wenye baridi kama huu wetu mwezi wa Juni na Julai, injini huzunguka mjini siku nzima bila kufikia joto hilo, na kompyuta, ambayo ni mtumishi mtiifu, huendelea kuongeza petroli siku nzima. Petroli ya ziada huosha mafuta kwenye kuta za silinda na kuteremka kwenye oili. Gari halikuchemsha, ni kweli, lakini lilikuwa likijila lenyewe.

Tena si kweli hata kwamba gari lisilo na thamostati haliwezi kuchemsha. Ziko thamostati zenye vali mbili: moja hufungua njia ya rejeta, na nyingine, kwa mwendo huo huo, hufunga njia ya mkato inayoyarudisha maji ndani ya injini bila kupoozwa. Ukiondoa kifaa chote, ile njia ya mkato hubaki wazi daima, na sehemu ya maji moto huzunguka humo humo. Mjini hutaona kitu. Panda mlima wa Kitonga ukiwa na abiria wanne na magunia mawili ya viazi, ndipo utakapolijua hilo, pale pale kwenye kona ambapo malori yamekuzuia nyuma na mbele.

Kwa kuwa nimetaja milima, niseme na habari za mfuniko wa rejeta, ambao watu huudharau kwa sababu ni mdogo na wa bei nafuu. Hapa Iringa maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na Mbeya chini kidogo ya hapo, kwa sababu ya mwinuko. Mfuniko mzima hushikilia shinikizo ndani ya rejeta, nalo hupandisha kiwango cha kuchemka mpaka nyuzi 115 na zaidi. Raba yake ikikauka na shinikizo likavuja, mnaendesha sufuria iliyo wazi. Nimewaona watu wakifunga feni ya pili, wakitoboa boneti ili hewa iingie, wakibadilisha rejeta nzima, ilhali kilichohitajika ni mfuniko mpya. Na msiufungue injini ikiwa na moto. Mwenye kovu la mvuke mkononi ndiye anayewaambia.

Basi nikanunua thamostati. Kabla ya kuifunga niliitumbukiza ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, nikawasha jiko. (Mke wangu aliagiza sufuria ile isirudi tena jikoni, na alikuwa na haki.) Kwenye nyuzi 80 kifaa kilikuwa kimelala, kwenye 82 au 83 ukingo wake ukaachana na kiti chake kwa unene wa ukucha, kabla maji hayajachemka kilikuwa wazi kabisa. Jaribio hilo mwanafunzi wa kidato cha pili analiweza, na humwonyesha mnunuzi papo hapo kama ameuziwa kitu kizima au pambo.

Mshale wa joto ulirudi mahali pake, katikati, lakini moshi mweusi ulipungua tu, haukwisha. Ndipo nilipoanza kuisikiliza kompyuta, na hapa naomba nieleze polepole.

Chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cha plastiki chenye kifuniko kilichoandikwa neno la Kiingereza la uchunguzi wa hitilafu. Ukikifungua utaona matundu kadhaa, na upande wa ndani wa kifuniko pameandikwa majina yake. Mnatafuta mawili: TE1 na E1. Ufunguo ukiwa umezimwa, unganisheni matundu hayo mawili kwa kipande cha waya, kisha washeni swichi bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi itaanza kupepesa. Ikipepesa kwa mfululizo usiokatika, kompyuta inasema haina lalamiko. Ikipepesa kwa mafungu, hesabuni: fungu la kwanza ni makumi, fungu la pili ni mamoja. Mipepeso miwili, kituo kifupi, kisha miwili tena, ni 22, yaani sensa ya joto la maji. Tatu na moja ni 31, sensa ya shinikizo la hewa inayoingia. Nne na moja ni 41, sensa ya mkao wa kile kidirisha cha hewa kinachofunguliwa na pedali ya mafuta. Baada ya matengenezo, chomoeni fyuzi iliyoandikwa EFI kwa nusu dakika, kumbukumbu itafutika. Hamhitaji mashine ya kupimia wala kulipa gharama ya kupima. Mnahitaji sentimita kumi za waya na utulivu wa kuhesabu. Ila thibitisheni majina ya matundu, kwa sababu lile la +B lina umeme wa betri, na atakayeliunganisha na E1 ataunguza fyuzi, akiwa na bahati.

Taa yangu ilipepesa mfululizo. Kompyuta haikuwa na lalamiko lolote, na moshi ulikuwa mweusi.

Hapo ndipo niliposhukuru kwamba nilifundisha fizikia. Kompyuta ya zama zile huilalamikia sensa pale tu waya unapokatika au unapogusana na bodi. Sensa inayosema uongo wa wastani huaminiwa. Nikaing'oa ile ya joto la maji nikaipima kwa multimita, kifaa cha kupimia umeme. Sensa nzima ya Toyota huwa na ukinzani wa omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, ukishuka mpaka omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Yangu, ndani ya maji ya nyuzi 80, ilisoma takriban 900. Kwa lugha ya kompyuta hiyo ni kama nyuzi 45. Injini ilikuwa na joto lake kamili, na sensa ilikuwa ikiapa kwamba bado ni alfajiri. Nilibadilisha sensa, na moshi ukakoma siku hiyo hiyo.

Nimeirefusha habari hii kwa makusudi. Katika mwaka ule wa moshi nilishauriwa nibadilishe nozeli, nibadilishe kompyuta, niondoe kipande cha katikati cha eksozi ili injini "ipumue", na kijana mmoja mpole kabisa alinishauri nibadilishe injini. Kila ushauri ungeacha hitilafu mbili za awali mahali pake na kuongeza ya tatu.

Sasa nije kwenye kuongeza, maana najua wengi mmekuja kwa ajili hiyo.

Kuinua gari kwa spesa, yaani vipande vya kuongeza kimo, juu ya springi ndilo rekebisho linalopendwa zaidi huku, nami silipingi, kwa barabara tulizonazo. Lakini mjue kinachohama. Mhimili unaotoka gia boksi kwenda gurudumu la mbele sasa unafanya kazi ukiwa umepinda zaidi. Raba inayofunika jointi yake huvutwa, huchanika, grisi hutoka, mchanga huingia, na baada ya miezi kadhaa mnasikia ule mlio wa tak-tak-tak mnapokata kona. Pembe za magurudumu nazo hubadilika, kwa hiyo gari lililoinuliwa ambalo halikupelekwa kwenye alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu, litakula tairi upande mmoja. Kagueni pia mipira ya breki usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho: kama mipira hiyo imekakamaa, inueni kidogo kuliko mlivyopanga.

Kuhusu tairi, fanyeni hesabu kabla ya kulipa. Tairi ya 155/80R13 (upana kwa milimita, kimo cha ukuta kwa asilimia ya upana, kisha rimu kwa inchi) ina kipenyo cha milimita 578. Ukihamia rimu ya inchi 15 na tairi ya 185/55, unapata 584 au 585, tofauti isiyofika asilimia mbili, na gari halitajua. Lakini ukishawishiwa na 195/65R15 kwa sababu "inajaza", kipenyo kinakuwa 634, na kipimamwendo kikikuonyesha 80, wewe uko karibu na 88. Trafiki mwenye tochi hatavutiwa na maelezo hayo.

Turbo, kile kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini, nitaitaja kwa ufupi. Starlet zilizotoka kiwandani na turbo, GT Turbo na baadaye Glanza V, zilikuwa na injini ya 4E-FTE yenye nguvu farasi 135, na vijana huona majina yanayofanana wakadhani kinachotofautiana ni turbo yenyewe. Injini isiyo na turbo hubana hewa kwa uwiano wa 9.6 kwa 1. Ile ya turbo ilipunguziwa uwiano huo kwa pistoni nyingine, ikapewa nozeli nyingine na kompyuta nyingine, ili hewa ya ziada isiiripue petroli kabla ya wakati wake. Kufunga turbo juu ya 4E-FE iliyochoka, kwa petroli tunayoinunua, ni kupasua pistoni kwa gharama kubwa. Anayeitaka nguvu hiyo atafute injini nzima ya turbo pamoja na waya na kompyuta yake, na aanze na breki.

Jambo la mwisho kabla hatujatoka. Jeki ni ya kunyanyulia tu, haiaminiki kulishikilia gari. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Wekeni stendi za chuma chini ya bodi, na gurudumu mlilolitoa lisukumeni chini ya kizingiti cha mlango wa gari, ili gari likianguka liliangukie gurudumu.

Gari langu liko nje, limeegeshwa kivulini, na boneti iko wazi. Asubuhi ya leo nimechomoa soketi ya sensa moja, na sitasema ni ipi. Vijana watangulie, waya uko juu ya betri, na mwenye macho makali ahesabu mipepeso kwa sauti.