Kivuli cha Magere na Riwaya Mnazozifunika kwa Gazeti

Asanteni, kaeni. Kuna dada pale nyuma amekifunika kitabu chake kwa gazeti. Nilipopita nikachungulia: mfalme mwenye mabawa, binti wa mganga, na busu ukurasa wa kwanza. Mtasema ni mazoea ya shule, sote tulifunika vitabu visichakae. Hapana. Hiki kimefunikwa tusikione.

Nimelisema jambo hili hapa Kisumu, nimelisema Kakamega, na Nakuru nikalisema hadi mwenyeji akaniomba nibadilishe mada. Riwaya ya mapenzi yenye maajabu si peremende ya wavivu. Uchawi wake ukiwekwa vizuri una gharama, na wanaoilipa ni wapenzi wenyewe. Nyote mnamjua Luanda Magere, yule shujaa wa hadithi za Waluo wa Kano, kwa hiyo sitamsimulia. Nitasema kidogo tu.

Tuliambiwa ni hadithi ya vita. Jabali la Kano, mtu wa ukoo wa Sidho, mkuki ukimgusa unateleza. Nyanya yangu alipofika kwenye mikuki alikuwa anasimama kabisa na kurusha mkono. Alipofika kwa yule binti wa Lang'o, wale maadui wa Waluo, aliyetolewa awe mke wa Magere, alikaa na kusema harakaharaka: akaletwa mke, akamsaliti, basi. Basi? Hapo ndipo hadithi inapoanza!

Tazameni. Mtu anaumwa. Mke mkubwa, aliyemwonya kuhusu yule binti, hayuko nyumbani. Anamwomba mdogo amchanje, ampake dawa. Binti anachanja mwili, wembe hauingii. Ndipo Magere anapomwambia: chanja kivuli. Damu ikatoka.

Mwanamume aliyeshinda majeshi anamkabidhi binti wa adui mahali pekee anapoweza kuuawa. Kuna tamko gani la mapenzi linalolizidi hilo? "Nakupenda" husemwa na kila mtu. Hata konda wa matatu hukuita mpenzi kutoka Kondele hadi ushuke. "Chanja kivuli" husemwa mara moja maishani, na kwa mtu mmoja.

Kila nikifika hapa kuna kijana huniuliza: mwalimu, mbona hakupigana mchana kati, kivuli kikiwa chini ya nyayo? Swali zuri! Sisi na ikweta ni pua na mdomo, alama yake iko pale Maseno. Machi na Septemba jua likisimama utosini, kivuli chako unakitafuta. Lakini kijana huyo, hata akikana, tayari ni msomaji wa fantasia: ameikubali sheria ya uchawi, sasa anatafuta mwanya wake. Na hapo ndipo mwandishi mzembe hunaswa. Mabawa yanaota wapenzi wakiwa hatarini, halafu yanasahaulika mwandishi akitaka wanyeshewe pamoja. Kitabu kama hicho mpe jirani awashie jiko.

Mwingine atasema, lakini mwisho unajulikana, wataoana. Ndiyo! Hiyo ndiyo ahadi ya riwaya za namna hii, na kwa kipimo hicho Magere hafuzu, maana anaishia kuwa jiwe. Lakini hata harusi ya ndugu yako unajua itakavyoisha, na bado unashona nguo.

Mimi ninachokitaka ni usiku ule. Damu imetoka kivulini, mgonjwa amelala, binti anatoroka kurudi kwao. Ukiwa Kano unauona ule ukuta wa milima ya Nandi. Si mwendo wa kwenda kuchota maji. Aliupanda akiwa na nini moyoni? Amemwuguza mtu huyu. Amempikia. Na sasa anabeba neno litakalomwua. Alipumzika wapi? Aligeuka kutazama nyuma? Nyanya hakusema, na nilipomwuliza aliniambia nikalale. Mwandishi wa mapenzi angekaa usiku huo kurasa 200, na mimi ningezisoma kwa koroboi stima zikipotea.

Wanaosema haya ni mambo ya Kizungu, majoka na makasri, nilikuwa nimewaandalia mifano mitatu. Nitataja mmoja. Nyamgondho, mvuvi wa Gwassi, alivua mwanamke ziwani, akatajirika, akalewa, akamtukana, na ng'ombe wote wakamfuata mama huyo kurudi majini. Hiyo ni ndoa, tena ya maajabu, nanyi mnaifundisha kama onyo la pombe. Pombe! Nilitaka pia kuzungumzia tafsiri, na bei za vitabu, lakini mwenyekiti amenionyesha saa mara ya pili. Bei ni mbaya, mnajua.

Haya, maswali. Aanze dada mwenye gazeti, na kwanza atuambie huyo mfalme mabawa yake yanamgharimu nini.