Kiraka cha Pili Hakitangulii cha Kwanza

Asanteni. Walionisikia mwaka jana wanajua nitaanzia wapi, na nawaomba wasicheke kabla wengine hawajasikia.

Vijana watatu wa hapa hapa Nairobi walikuwa wakiandika draiva ya Linux, yaani programu inayoiwezesha kerneli, moyo wa mfumo huo, kuongea na kifaa. Chipu yao ilikuwa ya kawaida: draiva mama inapokea intarapti, yaani ishara ya kifaa kinachoomba kushughulikiwa, na draiva mtoto inashughulikia saa. Laini ya intarapti ilikuwa moja, tena chipu iliigawana na skrini ya kugusa. Kazi yao ilikuwa viraka viwili tu, yaani mabadiliko mawili ya msimbo. Cha kwanza kinaifundisha draiva mama kuitambua na kuifuta biti ya kengele ya saa, alama ndani ya chipu inayosema kengele imelia. Cha pili, upande wa saa, kinaiwasha kengele yenyewe. Wakatuma barua mbili kwa watunzaji wawili, wanaopokea viraka kila mmoja kwa sehemu yake ya kerneli, na hakuna barua iliyoitaja mwenzake.

Mtunzaji wa saa alikuwa na nafasi, akakipokea cha pili. Yule wa draiva mama alikuwa na foleni. Mmeshaona.

Kengele ikalia. Laini ile ni ya aina inayobaki juu mpaka draiva izime chanzo chake. Kerneli ikauliza draiva mama: ni yako? Haijui biti hiyo, ikajibu si yangu. Ikauliza skrini: si yangu. Ni kama mgeni anapiga hodi, kila aliye ndani anasema huyu simjui, naye haondoki, anabisha tena. Sasa kerneli ina subira, lakini inahesabu. Katika kila intarapti 100,000, zisizo na mwenyewe zikizidi 99,900, inaandika kwenye kumbukumbu zake za matukio kwamba hakuna aliyejali, kisha inaifunga laini. Hakuna aliyejali! Sijapata kusoma ripoti ya kazi yenye ukweli kama huo.

Laini ikifungwa, skrini nayo kimya. Vijana wakaamini skrini imeharibika. Wakashuka Luthuli Avenue wakanunua nyingine. Nayo ikafa. Siku nne, jamani, na pesa zao.

Kuna mtu hapo anawaza: si wangevishona viwe kiraka kimoja? Nalisikia kila mara. Haya, kimoja hicho utampa mtunzaji yupi? Na saa ikileta matata ukitaka kuondoa upande wake pekee, utakata wapi?

Mwingine atasema: si vyote vingefika mwishoni? Vingefika. Lakini anayetafuta hitilafu kwa kugawa historia nusu kwa nusu, viraka 1,000 kwa hatua kama 10, anaweza kutua katikati ya viwili vyako. Kerneli ya hapo ni mbovu, na utafutaji unampeleka kwa kosa lako badala ya lile alilolitafuta. Ndiyo maana nasema kila kiraka kiache nyuma yake kerneli inayojengeka na inayowaka.

Kwa hiyo: mfululizo mmoja, viraka vikipewa namba 1/2 na 2/2, barua moja ya utangulizi, watunzaji wote wawili wakiwa kwenye anwani. Andika waziwazi kwamba cha pili kinategemea cha kwanza, kisha pendekeza njia. Mmoja achukue vyote kwa idhini ya maandishi ya mwenzake. Au cha kwanza kiwekwe kwenye tawi, mstari wa pembeni wa historia ya msimbo, ambalo halitaguswa tena, na wote wawili walivute tawi lile lile. Msinakili kiraka pande mbili! Hizo zitakuwa komiti (commit) mbili, yaani badiliko moja lililoandikwa mara mbili katika historia, zenye vitambulisho tofauti.

Au ngojeni cha kwanza kiingie, ndipo mtume cha pili. Toleo moja la kerneli huchukua wiki 9 au 10, na zile mbili za dirisha la kuunganisha, watunzaji wanapopeleka juu walichokwisha kukusanya, si za kuwatumia viraka vipya.

Nilitaka kuzungumzia intarapti zenye uzi wake (thread), zinazoshughulikiwa mahali ambapo msimbo unaweza kusubiri, zilizoingia toleo la 2.6.30 mwaka 2009, maana nusu yenu mnasoma I2C, njia ya polepole ya kuongea na chipu, mahali ambapo msimbo hauruhusiwi kulala, yaani kusubiri. Naonyeshwa saa. Basi, tutaliacha. Wewe mwenye kofia, umeinua mkono tangu Luthuli Avenue. Uliza.